Usinikanyage Visigino

Mwanangu wa kike ana miguu mirefu ya baba yake na ulimi mfupi wa baba yake, na kwa hilo la pili namshukuru Mungu, maana nyumba moja haiwezi kubeba ndimi mbili kama wangu. Anafanya kazi idara ya maji. Kazi yake ni kusoma mita: anaingia ua baada ya ua, anainama, anafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, anaandika, anatoka kabla mbwa hajaamka. Mimi husema alijifunzia kukimbia huko huko, kwa mbwa wa watu. Yeye husema alijifunza shuleni. Mambo ya shule siyajui, lakini mbwa nawajua.

Idara yao ina timu ya mbio ndefu za kupokezana kijiti. Ni watu watano, na kila mmoja ana kipande chake cha barabara, kipande cha kumtoa jasho hata mwenye baiskeli. Akikimaliza anampa mwenzake kijiti, kisha anajitupa majanini akitweta. Mwanangu hupewa kipande cha pili, chenye mlima, kwa sababu wanaume wa idara ile wakiuona mlima huo huanza kukumbuka magoti yao. Nayasema haya mapema ili mjue: mimi ni mama, na nitajisifu. Asiyependa kusikia sifa za mtoto wa mwenzake aweke pamba masikioni.

Basi mwaka huo kanisa nalo likampa kazi. Walimpa darasa la ubatizo la watu wazima, ambalo walimu wote walikuwa wakilikwepa. Mzee aliyekuwa akilifundisha alihamia kwa mwanawe mji mwingine, na kwenye kikao cha wazee wa kanisa kila mtu akawa na udhuru: huyu macho, yule mgongo, yule mke. Mchungaji wetu alikuwa kijana na mgeni, hajajua bado nani humwogopa nani. Akamtaja mwanangu.

Katibu wa kanisa akakohoa. Katibu wetu akikohoa hivyo, si mafua.

“Huyu si ndiye anayekimbia barabarani na bukta?” akauliza.

“Ndiye,” mchungaji akasema. “Mtu anayepanda mlima ule bila kusimama hatashindwa na watu watano wazima.”

Maneno hayo yalinifikia kabla hata kikao hakijafungwa. Kuta zina masikio, na kuta za kanisa letu zina midomo pia.

Mmoja wa wale watu watano nilikuwa mimi. Marehemu mume wangu alibatizwa tangu utotoni, na mwanangu tulimbatiza akiwa mchanga. Mimi peke yangu nilibaki nje kama kiatu mlangoni. Si kwamba sikutaka. Nilifanya mtihani wa ubatizo mara mbili na nikaanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hofu tu. Niliulizwa jina langu nikalitafuta. Mara ya pili ilikuwa zile amri kumi. Nilizisema vizuri mpaka katikati, kisha nikairuka ile ya kuzini. Katibu, enzi hizo bado ana nywele, akaegemea mbele akauliza, “Mama, hiyo umeiruka kwa bahati mbaya au ina sababu?” Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mume wangu alikuwa ameketi pale pale, na hakucheka. Nilirudi nyumbani nikasema ubatizo basi, Mungu ananijua hivi hivi.

Mwanangu hakunibembeleza. Aliniwekea kile kitabu kidogo cha mafundisho karibu na sahani yangu akasema, “Mama, Jumanne jioni. Usichelewe, mimi sipendi mtu anayechelewa.” Hebu ona. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemfundisha kunawa uso, leo ananiambia nisichelewe. Nilifika wa kwanza.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa na taa mbili, moja nzima na moja yenye kupepesa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Alikuwepo Fundi Baiskeli, ambaye kucha zake hazijawahi kutakata tangu nimjue. Alikuwepo Mama Mitumba, muuza nguo sokoni, ambaye huwezi kukaa naye bila yeye kupima ukosi wako kwa macho. Alikuwepo Mlinzi, anayelinda lango la ghala la mbao, mtu mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Na alikuwepo Babu Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu habari yoyote ya mtaa huisikia kwanza na huirudia kila saa.

Mwalimu wetu aliingia akikimbia. Si kwa mfano. Alikuwa akitoka mazoezini, na kutoka uwanjani hadi kanisani alikuja kwa miguu hiyo hiyo. Pale mlangoni alijifunga sketi juu ya bukta, akanywa maji ya bomba kwa kiganja, akafuta uso kwa kwapa la fulana. Kisha akasema, “Tumsifu Mungu, fungueni ukurasa wa kwanza.” Raba zake ziliacha matope ya mviringo sakafuni. Tulipoanza sala, yeye bado alikuwa akihema.

Ikawa hivyo wiki nenda wiki rudi. Alfajiri mazoezi, mchana mita, jioni mazoezi tena, kisha sisi. Usiku nilimsikia chumbani akijisomea somo linalofuata, na asubuhi nilikuta kitabu kifuani pake na miguu nje ya shuka. Wenzake wa timu walilalamika kwamba akipanda mlima anahubiri. Sisi tulilalamika kwamba akihubiri anasinzia. Jioni moja Fundi Baiskeli alikuwa akieleza siku za uumbaji, akakwama kwenye nyota, akamwangalia mwalimu amsaidie. Mwalimu alikuwa amesimama wima, chaki mkononi, macho yamefumba.

“Anaomba,” Mama Mitumba akanong’ona.

“Anakoroma,” Babu Redio akasema.

Nilitaka kumtetea. Nilimwonea huruma, lakini pia niliona wazi kwamba mambo hayaendi. Hatukuwa tumeshika kitu. Tukipata ukurasa mmoja, tunapoteza uliotangulia. Kile kitabu kilikuwa na sehemu tano: uumbaji, anguko la mwanadamu, amri na maana zake, sala na maana yake, na ubatizo wenyewe. Vichwa vyetu vilikuwa vimezeeka kwa mambo mengine. Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Kichwani mwangu mna shuka za wodi ya wazazi, shuka za chumba cha upasuaji, na kemikali gani inaondoa damu. Pa kuweka maana ya amri ya nane hapakuwepo.

Mwanangu alifungua macho, akatuangalia mmoja mmoja. Hakuona haya wala hakuomba radhi. Alikwenda kwenye mfuko wake wa mazoezi akatoa kijiti cha mazoezi, cha bati chenye utepe uliochakaa, akakigonga mezani.

“Nyinyi ni wangapi?”

“Watano,” tukasema.

“Na sisi kule barabarani ni watano. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukimbia njia yote. Tungejaribu tungekufa.” Akampa Fundi Baiskeli kijiti. “Wewe uumbaji. Wewe tu. Ukimaliza, unampa Mama Mitumba, yeye anachukua anguko.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufundishwa dini kwa kijiti. Mlinzi alipewa amri, kwa sababu akisema “usiibe” hata asiyewahi kuiba anajipapasa mifuko. Babu Redio alipewa ubatizo, awe mkimbiaji wa mwisho. Mimi nilipewa sala. Nilijua kwa nini sikupewa amri, na mwanangu alijua kwamba najua.

Ila palikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyokuwa ngumu. “Mpokeaji hangoji kijiti akiwa amesimama,” alitufundisha. “Akisimama, timu inakufa pale pale. Mwenzako akikaribia, unaanza kukimbia naye. Mnakimbia pamoja hatua kadhaa, ndipo anakupa.” Maana yake, kila mmoja wetu alipaswa kuingia chini kwa chini kwenye maneno ya mwisho ya aliyemtangulia, wayaseme pamoja, ndipo kijiti kipite.

Kwa wengine ilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa na hofu. Niliogopa kuchelewa, kwa hiyo nikawa naanza mapema. Kwanza niliingia na Mlinzi kwenye amri ya kumi. Wiki iliyofuata nikajikuta nimeingia kwenye ya tisa. Baadaye ya saba. Midomo yangu ilikuwa ikichezacheza peke yake na mkono umenyooka, na Mlinzi kwanza alivumilia, kisha akageuka.

“Mama,” akasema, “usinikanyage visigino.”

“Nani anakukanyaga? Kimbia basi!”

“Nakimbia! Wewe ndiye uko mgongoni kwangu kama begi.”

Mwanangu alicheka mpaka akaketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu apewe darasa. Toka siku ile hakusinzia tena, na sisi hatukukwama tena, ila midomo yangu iliendelea kumfuata Mlinzi bila sauti. Hata kazini nilikuwa napita na sala yangu. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili: mnalivuta, mnakutana katikati, mwenzako anakuachia pembe zake. Mwenzangu wa pale, mama mmoja asiyekanyaga kanisa lolote, mwishowe alisema, “Dada, hiyo sala yako sasa na mimi naijua. Nibatizwe?”

Habari za kijiti zilimfikia katibu, kwa kuwa Babu Redio hana siri. Jumapili moja baada ya ibada katibu alisimama kutangaza. Mtihani wa ubatizo, alisema, uliokuwa ufanyike mwisho wa mwezi, umewahishwa, sasa ni Jumamosi hii asubuhi, kwa sababu mchungaji ana safari. Nilimtafuta mwanangu kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, na uso wake ulikuwa umebadilika. Jumamosi hiyo asubuhi ndiyo siku ya mbio.

Nje, katibu alimfuata mpaka getini. Nilikuwa hatua tatu nyuma yao, nikijifanya natafuta miwani.

“Mwalimu,” akasema, “nasikia umegeuza neno la Mungu kuwa mchezo. Sina neno. Lakini darasa likianguka Jumamosi, tutampa mtu mwenye nafasi. Hapa ni kijiti au kitabu. Huwezi kushika vyote.”

“Nina mikono miwili, mzee,” mwanangu akajibu. Nilisahau kwamba nilikuwa natafuta miwani.

Lakini nyumbani alikuwa mtu mwingine. Aliketi kwenye kigoda cha jikoni, akafungua kamba za raba, akazifunga, akazifungua tena.

“Nitawaambia timu siendi,” akasema.

“Wana mtu mwingine?”

“Hawana. Tuko watano kamili. Nisipokwenda, wanaondolewa.”

“Basi utakwenda.”

“Mama, nyie mkianguka —”

“Tukianguka tutaanguka wenyewe. Wewe ukikaa pale kanisani utatusaidia nini? Utatujibia? Utatukonyeza?” Nilikuwa nakatakata kitunguu na nikakikata kwa hasira isiyo yake. “Mlima ule ataukwea nani, katibu?”

“Siwaogopei wengine,” akasema polepole. “Nakuogopea wewe. Ukiangushwa tena mbele yake, hutarudi. Nakujua. Na ni kwa ajili yako nilikubali darasa hili.”

Nilikuwa sijui hilo. Nilidhani alipewa akashindwa kukataa. Niliweka kisu chini. Kitunguu kilinisaidia, machozi yakawa na pa kusingizia.

“Mimi ni mtu mzima,” nikasema. “Nenda kakimbie.”

Jumamosi aliondoka kabla ya jua na gari la idara. Mimi nilivaa gauni langu la buluu, nikafika kanisani mapema. Walikuwepo Fundi Baiskeli, kucha zake zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyekundu, na Mama Mitumba, amevaa kitu kipya ambacho bado kilikuwa na alama za kukunjwa. Babu Redio alikuja mbio, simu sikioni.

“Mlinzi haji,” akasema. “Mwenzake wa kumpokea zamu hajatokea. Amesema hawezi kuacha lango wazi.”

Tuliangaliana. Hakuna aliyemlaumu, mlinzi haondoki mpaka apokelewe, kila mtu anajua. Lakini alikuwa ameondoka na amri zote kumi. Sisi wanne tulikuwa tumejifunza vipande vyetu kama tulivyoambiwa, kila mtu na chake, na hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kukosekana. Hata mwalimu hakuwaza. Mtu wa mbio akiamka asubuhi, anahesabu watano, basi.

“Tuseme tuahirishiwe,” Mama Mitumba akanong’ona.

“Tukiahirisha, katibu atasema darasa limeanguka,” nikasema. Nilikuwa na kijiti kwenye mkoba, mwanangu aliniachia. Nikampa Fundi Baiskeli.

Mchungaji alikuwa ameketi kwenye meza ndogo mbele, katibu pembeni yake amekunja mikono. Viti vyetu vitano vilikuwa vimepangwa. Kimoja kilibaki wazi, katikati ya Mama Mitumba na mimi, na Babu Redio akamweleza mchungaji habari za lango.

“Kila mtu aulizwe peke yake,” katibu alisema. “Ndio utaratibu.”

“Nitawauliza,” mchungaji akasema. “Lakini kwanza niwasikie kama walivyofundishwa.”

Fundi Baiskeli alisimama. Aliumba mbingu, aliumba nchi, akafika kwenye nyota, akatoa jasho, akazipata. Mama Mitumba aliingia naye kwenye siku ya saba, kijiti kikapita. Aliendelea na bustani, nyoka, na ile aibu ya kukosa nguo ambayo aliieleza kama mtu wa biashara hiyo. Nami pale kwenye kiti changu nilikuwa nahesabu maneno yaliyobaki kabla hajafika mwisho. Tulikubaliana nini akifika mwisho? Hatukukubaliana kitu. Akafika. Akanyoosha mkono kwenye kile kiti kilicho wazi, kijiti hewani, na hakuna mtu.

Katibu akakohoa.

Sijui niwaambie nini. Nilijikuta nimekwishasimama, nimeshavuka kile kiti, na kijiti kiko mkononi mwangu. Midomo yangu ilikuwa tayari imeanza, maana imezoea, yenyewe huanza kabla yangu. Nikasema amri ya kwanza na maana yake. Nikasema ya pili. Nilisikia sauti ya Mlinzi ndani ya kichwa changu ikitangulia, nami nyuma yake, mgongoni kama begi, visigino vyake vyote nimevikanyaga. Jioni zile zote niliogopa kuchelewa, kumbe nilikuwa nimekimbia kipande chake chote pamoja naye, tangu mwanzo wake, na hakuna aliyejua, mimi mwenyewe sikujua.

Nikafika pale. Katibu aliinua kichwa. Hakuwa amesahau, mtu wa aina ile hasahau. Mchungaji hakuelewa kwa nini nimetua. Nilitua kwa sababu nilitaka. Nilimgeukia katibu, nikamtazama usoni, nikaisema ile amri kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, na maana yake yote. Nilipoona ametazama chini, nikaisema tena.

“Mara moja inatosha, mama,” mchungaji akasema, na midomo yake ilikuwa inajizuia.

“Ya pili ni ya miaka ile,” nikajibu, nikaendelea. Usiibe. Usishuhudie uongo. Usitamani. Nikamaliza za Mlinzi, na bila kupumzika nikaingia kwenye sala, kipande changu mwenyewe. Kijiti kilikuwa kimelowa jasho, lakini maneno yalikuja kama nayakunja na mtu mwenye mikono mizuri. Babu Redio akaingia kwenye amina yangu, nikampa, nikakaa. Nilikaa kwenye kiti cha Mlinzi. Sikuwa na nguvu za kufika changu.

Mchungaji alituuliza mmoja mmoja, kama alivyoahidi. Tulijibu mengine kwa maneno ya kitabu na mengine kwa maneno yetu. Fundi Baiskeli aliulizwa neema ni nini, akasema ni kama mtu kukutengenezea gurudumu na kukuachia uende zako. Katibu alitaka kusema kitu. Mchungaji alikwishaandika.

“Mmefaulu nyote,” akasema. “Na huyo wa langoni nitamfuata huko huko langoni.”

Mama Mitumba alilia waziwazi, bila kujali lile gauni jipya. Kilichobaki ni wasimamizi. Kila anayebatizwa lazima ataje mtu atakayesimama naye siku hiyo na kumwongoza baadaye. Fundi Baiskeli alimtaja kaka yake. Mama Mitumba alimtaja jirani. Babu Redio alitaja watu watatu, akaambiwa achague mmoja.

“Na wewe, mama?”

Hapo mlango wa nyuma ukalia. Mwanangu alikuwa amesimama pale, namba kifuani, bukta imegandana na jasho, chumvi imemkaukia kwenye mashavu. Gari la idara lilikuwa likiunguruma nje. Hakuingia. Aliangalia viti, akahesabu, akaona kimoja kimepungukiwa mtu, na nikaona moyo wake unashuka.

Katibu alikuwa amekwishasimama. “Mwalimu, ngoja nje. Hapa ni kanisani, na kwa mavazi hayo —”

“Huyo,” nikamwambia mchungaji. “Msimamizi wangu ni huyo hapo.”

Katibu akageuka. “Mtoto amsimamie mama yake mzazi? Hilo halijawahi kuonekana hapa.”

“Lionekane leo.”

“Msimamizi,” mchungaji akasema taratibu, akinitazama, “ni mtu aliyekutangulia katika imani, akakushika mkono mpaka hapa.”

“Basi sikukosea,” nikasema.

Mchungaji akamwita mwanangu kwa mkono. Alikuja katikati ya viti, raba zake zikiacha matope sakafuni, akapita mbele ya katibu bila kumtazama. Nilimwambia kwa kunong’ona asimame kulia kwangu. Nilimuuliza pia, kwa sababu siwezi kunyamaza, “Mmekuwa wa ngapi?”

“Sijui, mama. Nimepokea tukiwa wa tano, nimempa mwenzangu tukiwa wa pili. Wao bado wanakimbia.” Halafu kwa sauti ndogo zaidi: “Na nyie?”

Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu chake na sasa alikuwa akimuuliza yeye, kwa sauti ya ibada, kama anavyomuuliza kila msimamizi.

“Unamjua huyu anayeomba kubatizwa?”

Mwanangu alinitazama. Alitazama kijiti kilicholowa kwenye mapaja ya Babu Redio, akatazama kile kiti nilichokalia ambacho si changu, na nikamwona anaelewa. Kidevu chake kikacheza. Nilijua atakachosema, nikajiandaa kulia nikiitwa mama yake mbele ya watu.

“Namjua,” akasema, na akasimama wima kama anapewa zawadi. “Ni mwanafunzi wangu.”

Nimeitwa majina mengi katika maisha yangu, mengine hayafai kutajwa kanisani. Hilo nililipokea kwa mikono miwili.